Mali Bila Daftari: Duka Dogo Katika Miaka ya Dhiki

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mfanyabiashara mzembe, kwamba asiyeandika atapunjwa. Lakini katika historia ya Unguja na Pemba, na ya mrima unaovielekea visiwa hivyo, daftari la duka lilibeba mambo mengi kuliko hesabu ya pesa. Mlikuwamo habari za nani amefiwa akahitaji sanda, nani anaoza binti, nani mikarafuu yake haikuzaa mwaka huu. Mwenye duka aliijua dhiki ya mtaa kabla ya liwali, na kabla ya mkuu wa wilaya.

Makala haya yanatazama namna biashara ndogo zilivyovuka dhiki kubwa mbili za karne ya 20 katika sehemu hizi: mporomoko wa bei ya karafuu wa miaka ya 1930, na uhaba wa bidhaa wa miaka ya 1970 na 1980. Katika dhiki zote mbili serikali iliingia kati kwa sheria kali, mara ya kwanza ikiwa ya wakoloni, mara ya pili ikiwa ya wananchi wenyewe. Katika zote mbili duka dogo lilipigwa, likayumba, na halikufa. Kueleza kwa nini halikufa si kulisifu. Kuna waliolipa gharama ya uhai huo, na hao nao wana haki ya kutajwa.

Maneno yenyewe ni ushahidi wa historia hii. Duka ni neno lililofika katika Kiswahili kwa njia ya Waarabu na Wahindi. Hundi na laki yametoka Bara Hindi pamoja na wafanyabiashara waliovuka bahari kwa pepo za kaskazi. Bepari nalo, kabla halijawa tusi la kisiasa, lilikuwa na maana ya mfanyabiashara tu, nalo lina asili ya Kihindi. Safari ya neno hilo moja, kutoka jina la kazi hadi jina la adui, ni muhtasari wa mengi yatakayoelezwa hapa.

Karafuu na mnyororo wa mkopo

Tufani la Aprili 1872 liling'oa mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha ile ya Pemba karibu salama. Tangu hapo Pemba ikawa ndiyo chimbuko kubwa la karafuu, na Zanzibar kwa jumla ikaendelea kuuza sehemu kubwa kabisa ya karafuu zote za duniani. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, mwenye shamba alilazimika kuwalipa wachumaji kwa fedha taslimu, kwa kila pishi waliyochuma. Fedha hiyo hakuwa nayo kabla ya mavuno, ilhali mavuno hayawezekani bila ya wachumaji.

Aliipata kwa mwenye duka. Huyu, mara nyingi Mhindi, mara nyingine Mmanga aliyetoka Omani, alifungua duka lake njia panda au karibu na mashamba, akauza mchele, mafuta ya taa, viberiti na kanga, na akakopesha. Mtaji wake mwenyewe ulikuwa mdogo. Bidhaa alizipata kwa mkopo kutoka kwa tajiri wa mjini, na tajiri naye alitegemea karafuu zitakazopakiwa kwenda Bombay, Ulaya au visiwa vya Indonesia, ambako zilitiwa katika sigara. Hivyo mkopo ulishuka kutoka bandarini hadi shambani, na karafuu zikapanda kutoka shambani hadi bandarini kulipa mkopo huo. Duka lilikuwa fundo la katikati.

Kwa kuwa riba ni haramu katika Uislamu, rahani nyingi zilivishwa vazi la bei khiyari. Shamba lilihesabiwa kuwa limeuzwa, kwa sharti kwamba mwenyewe akirudisha fedha atarudishiwa shamba lake. Na kwa muda huo wote alikaa shambani mwake akilipa kodi kama mpangaji. Miaka ya mavuno mema hapakuwa na tatizo. Lakini mkarafuu ni mti wa fadhila na hiana: mwaka mmoja huzaa kupita kiasi, miaka inayofuata hukaa kimya. Kukopa harusi, kulipa matanga, na wenye mashamba wengi walijikuta matangani.

Bei ilipoanguka

Mdororo Mkuu ulioanza mwaka 1929 uliikuta Zanzibar na zao moja. Bei ya karafuu ilishuka, na kwa kuwa ushuru wa karafuu ulikuwa nguzo ya hazina, serikali nayo ikaingia katika dhiki sawa na raia wake. Mwenye shamba aliyekopa wakati bei iko juu sasa alidaiwa fedha ile ile, lakini ilimbidi atoe karafuu nyingi zaidi kuilipa. Mwenye duka akaona daftari lake limejaa madeni yasiyolipika, huku tajiri wa mjini akimdai.

Kwa hesabu ya karatasi, maduka ya mashamba yangefungwa kwa mamia. Sababu ya mengi kutofungwa ni ya kwanza kujifunza. Duka dogo halikuwa na gharama za kudumu ambazo kampuni kubwa haiwezi kuzikwepa. Mwenye duka alilala nyuma ya duka au juu yake. Wafanyakazi wake walikuwa mke, ndugu na watoto, na hawakuwa na mshahara wa kupunguzwa. Biashara ilipokuwa ndogo, familia ilikula kidogo. Hasara ambayo kwa kampuni ingeandikwa katika vitabu, hapa iliingia chunguni.

Sababu ya pili ni kipimo. Mteja aliyekuwa akinunua kwa pishi alianza kununua kwa kibaba, na aliyenunua kwa kibaba akanunua kwa nusu yake. Duka dogo lilimfuata huko huko: mafuta ya taa ya kuwasha taa usiku mmoja, sukari iliyokunjwa katika kipande cha karatasi, sigara moja moja. Methali ya haba na haba hujaza kibaba husemwa kwa anayeweka akiba. Katika dhiki ilikuwa sera ya muuzaji. Na bila shaka ilikuwa na ukali wake, kwa kuwa anayenunua kidogo kidogo mwisho wa mwezi amelipa zaidi kuliko anayenunua gunia. Maskini ndiye aliyenunua ghali.

Sababu ya tatu, na kubwa kuliko zote, ni kwamba mwenye duka hakuweza kumkatia mteja mkopo bila kujikata mwenyewe. Mdaiwa aliyekufa njaa halipi. Mdaiwa aliyeshindwa kuwalipa wachumaji ataziacha karafuu zikikauka mtini, na deni lake litakauka pamoja nazo. Kwa hiyo mwenye duka aliongeza mkopo juu ya deni bovu, kwa hofu zaidi kuliko kwa huruma. Wote wawili walikuwa ndani ya mtumbwi mmoja, japokuwa mmoja ndiye aliyeshika kasia.

Sheria za 1934 na zilizofuata

Serikali ya Kiingereza iliunda tume. Ripoti ya Bartlett na Last ilionyesha ukubwa wa madeni ya wakulima, na hofu ikaenea kwamba mashamba ya Waarabu na Waafrika yatahamia mikononi mwa wakopeshaji wa Kihindi. Mwaka 1934 zikatungwa sheria kadhaa kwa mfuatano. Uhamishaji wa ardhi kutoka kwa Mwarabu au Mwafrika kwenda kwa mtu wa jamii nyingine ukawekewa vizuizi. Madai ya madeni yakasimamishwa kwa muda. Na Chama cha Wakuzaji Karafuu, kilichoanzishwa mwaka 1927, kikapewa nguvu kubwa katika biashara ya zao hilo.

Nia iliyotangazwa ilikuwa kumwokoa mkulima. Matokeo yake yalikwenda upande wa pili. Mwenye duka aliyekatazwa kudai deni la zamani hakuwa na sababu ya kutoa deni jipya, na shamba lisiloweza kuhamishwa halikuwa tena dhamana. Mkopo ukakauka. Mkulima akabaki na ardhi yake mikononi, na hana cha kumlipa mchumaji. Chama cha Wakuzaji kilijitahidi kukopesha badala ya maduka, lakini ofisi yenye saa za kufungua na kufunga haikuwa sawa na duka ambalo mtu huweza kubisha usiku wa manane akitafuta sanda. Serikali ya India ilimtuma K. P. S. Menon kuchunguza, naye katika ripoti yake ya mwaka huo huo akazipinga sheria hizo kwa kuwa zinawaonea Wahindi.

Ni rahisi kuusoma mgogoro huu kama ugomvi wa makabila, na wanasiasa wa wakati ule walipenda usomwe hivyo. Lakini mfanyabiashara mdogo alikuwa wa kila kabila. Hili lilidhihirika tarehe 7 Februari 1936. Serikali ilikuwa imeweka masharti ya ukaguzi wa mbata kwa ajili ya kulinda ubora. Kwa mwenye ghala kubwa masharti hayo yalikuwa usumbufu. Kwa Mmanga aliyekusanya mbata kidogo kidogo kutoka kwa wenye minazi, kisha akaambiwa mjini kwamba mzigo wake haukukauka vya kutosha, yalikuwa kufilisika. Ghasia zikazuka mjini, silaha zikatolewa, damu ikamwagika. Mwaka huo huo wa 1936 rupia nayo iliondolewa, shilingi ya Afrika Mashariki ikashika nafasi yake, na kila daftari la duka likalazimika kuhesabiwa upya.

Mwaka 1937 sheria nyingine ilikipa Chama cha Wakuzaji mamlaka ya pekee ya kununua karafuu kutoka kwa wakulima. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na Congress ya India ikaunga mkono kwa kuisusia karafuu ya Zanzibar. Kwa miezi kadhaa biashara ya visiwa ilikaribia kusimama, hadi mapatano yalipofikiwa Mei 1938: wasafirishaji wakarudi sokoni kwa sharti la kununua sehemu maalumu ya karafuu zao kutoka kwa Chama. Makampuni makubwa ya mjini yaliweza kungoja miezi hiyo. Duka la shamba halikuweza kungoja, na likaishi kwa nazi, muhogo, samaki mkavu na madeni ya vibaba. Mgomo uliosemwa kuwa ni wa wafanyabiashara wote ulilipiwa na walio wadogo kwa uwiano usio sawa.

Mtumbwi ule mmoja pia ulikuwa na hatari yake. Anayemdai jirani kila siku humjua sana, na kujuana huko kukichanganyika na siasa huweza kuwa sumu. Katika ghasia za uchaguzi za Juni 1961 waliuawa watu 68, na wengi wao walikuwa Wamanga wa mashamba, miongoni mwao wenye maduka. Daftari lililowalinda katika njaa halikuwalinda katika chuki. Haitoshi kusema kwamba biashara ndogo huishi kwa kuaminiana. Imani isiyo na usawa ni nyumba ya makuti, na cheche moja huimaliza.

Serikali yawa mwenye duka

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Zanzibar, na baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 Tanzania Bara, serikali ilichukua nafasi ya tajiri wa mjini. Karafuu zikawa za Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Bara, uagizaji na uuzaji wa jumla ukapewa mashirika ya umma. Hoja ya siasa hiyo haikuwa ya kipuuzi. Mnyororo wa mkopo uliokwisha kuelezwa ulikuwa umewanyonya wengi, na viongozi waliokulia karibu na maduka hayo walikuwa na kumbukumbu zao. Hapo ndipo neno bepari lilipobadilika sura, likachorwa katika vikatuni likiwa na tumbo kubwa, ingawa wengi walioitwa hivyo hawakuwa na kitu zaidi ya rafu mbili na mizani.

Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa kufungwa, na ya ushirika yafunguliwe badala yake. Maduka yalifungwa upesi kuliko yalivyofunguliwa. Penye duka la ushirika, mara nyingi hapakuwa na chumvi wala sabuni. Malalamiko yakawa mengi hata serikali ikarudi nyuma, na kuagiza kwamba duka la mtu lisifungwe kabla la ushirika halijawa tayari. Kwa miezi michache ilionekana kazi ambayo daima ilikuwa ikifanyika bila kuonekana: mtu fulani alikuwa akiamka alfajiri kuifuata chumvi, akaibeba, akaipima, na akaikopesha.

Kisha mambo yakaandamana: bei ya mafuta ya petroli iliyopanda mwaka 1973 na tena 1979, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na vita vya Uganda vya 1978 na 1979. Fedha za kigeni zilikwisha. Visiwani, karafuu zilipoteza soko lake kubwa kadiri Indonesia ilivyojitosheleza kwa mikarafuu yake. Foleni zikawa sehemu ya siku. Mwenye karafuu Pemba akalinganisha bei ya Shirika na ile iliyosikika ng'ambo, na majahazi yakavuka usiku kwenda pwani ya Kenya. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianza kampeni dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Zaidi ya watu elfu moja walikamatwa, na wengine kwa hofu wakatupa bidhaa zao barabarani na majini. Bila shaka walikuwamo waliokuwa wameficha shehena wakisubiri bei ipande. Lakini mtego ulioundwa kwa ajili ya papa uliwanasa dagaa, na mama mwenye mifuko mitatu ya sukari chini ya kitanda alitetemeka sawa na mwenye ghala.

Miradi, upato na dala

Wakati huo duka lenyewe lilibadilika umbo likaingia nyumbani. Mshahara ulipokuwa hautoshi hata wiki moja, mfanyakazi wa serikali alianzisha mradi: kuku wa mayai nyuma ya nyumba, cherehani barazani, maandazi ya asubuhi, barafu za watoto. Utafiti wa Aili Mari Tripp, uliofanywa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuchapishwa kama kitabu mwaka 1997, ulionyesha kwamba sehemu kubwa mno ya mapato ya familia za mjini ilitokana na shughuli kama hizi, na mshahara ukabaki kuwa nyongeza tu. T. L. Maliyamkono na Mboya Bagachwa, katika kitabu chao cha mwaka 1990, waliuita uchumi huo wa pili, na kuuona kuwa mkubwa kiasi cha kutoweza kupuuzwa na mpangaji yeyote.

Mtaji wa miradi hiyo haukutoka benki. Wanawake waliupata kwa upato: kila mmoja hutoa kiasi kile kile kila wiki au kila mwezi, na fungu zima huchukuliwa na mmoja kwa zamu. Upato hauna riba, hauna rahani, na hauna karani. Dhamana yake ni uso wa mtu. Aliyechukua zamu yake akakimbia hatashtakiwa mahakamani, lakini hataalikwa tena harusini wala hatakuwa na wa kumsaidia matangani. Hapa daftari la zamani lilirudi likiwa limegeuzwa: badala ya mmoja kuwadai wengi, wengi walidaiana wao kwa wao. Yumkini hii ndiyo hatua kubwa iliyopigwa kati ya dhiki ile ya kwanza na hii ya pili, na ilipigwa na watu ambao hawakutajwa katika ripoti yoyote ya tume.

Usafiri nao una kisa chake. Mabasi ya shirika la umma la Dar es Salaam yalipopungua kwa kukosa vipuri, magari ya watu binafsi yalibeba abiria kwa kujificha, hadi yaliporuhusiwa mwaka 1983. Nauli ilikuwa shilingi 5, sarafu ambayo watu waliiita dala. Na makondakta waliokuwa wakiita dala, dala wakayapa magari hayo jina lililobaki hadi leo, Bara na visiwani, ingawa sarafu yenyewe imesahauliwa. Kilichokuwa kosa mwaka mmoja kilikuwa huduma mwaka uliofuata. Gari lilikuwa lile lile, na dereva yule yule.

Mwaka 1984 mlango ulifunguliwa kidogo. Ali Hassan Mwinyi alishika urais wa Zanzibar Januari mwaka huo, na visiwa vikalegeza masharti ya biashara. Bara, bajeti ya mwaka huo iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipataje. Maduka ya Darajani yakajaa vitambaa na redio kutoka Dubai, na wasafiri wa Bara wakavuka kuja kununua. Mwinyi alipokuwa Rais wa Muungano mwezi Novemba 1985, wananchi wakampa jina la Mzee Ruksa. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM, ilipokutana visiwani, ilipitisha kile kilichokuja kuitwa Azimio la Zanzibar, na wanachama wakaruhusiwa yale yaliyokatazwa Arusha, ikiwa ni pamoja na kuwa na mapato zaidi ya mshahara mmoja. Sheria ilikuwa imelifikia jambo ambalo watu walikuwa wamekwisha kulifanya kwa miaka 15.

Gharama ya kunusurika

Historia ina upendeleo kwa walionusurika. Maduka yaliyofungwa hayakuacha madaftari yao, na miradi iliyokufa haikuhesabiwa na mtafiti. Kwa hiyo si haki kuhitimisha kwamba udogo peke yake ni kinga. Duka dogo lilinusurika pale ambapo mambo matatu yalikutana: gharama zilizoweza kubanwa hadi ndani ya nyumba, kipimo kilichoweza kushuka pamoja na mfuko wa mteja, na mkopo uliosimama juu ya kujuana. La kwanza lililipiwa na wanawake na watoto waliofanya kazi bila ujira. La pili lililipiwa na maskini walionunua ghali. La tatu lililipiwa na yeyote aliyekuwa upande usio na kalamu. Ni upato peke yake uliojaribu kuigawa gharama hiyo kwa zamu, kila mmoja akidai na kila mmoja akidaiwa.

Zanzibar ilikumbushwa hayo mwaka 2020. Watalii, waliokuwa wameshika nafasi ya karafuu kama tegemeo kuu la fedha za kigeni, walitoweka ghafla kwa maradhi ya UVIKO-19, na kisiwa kikajikuta tena na zao moja lisilokuwa na mnunuzi. Muuza vinyago wa Mji Mkongwe hakuwa na mkulima wa kumwandika katika daftari, kwa kuwa mteja wake alikuwa mgeni asiyejua hata jina lake. Alikuwa na vingine vyote vya duka dogo la zamani: gharama chache, kipimo chepesi, familia yenye kuvumilia. Alikosa ule uzi wa kujuana, na hapo alikuwa dhaifu kuliko babu yake aliyeuza mafuta ya taa kwa kibaba.

Leo mwenye duka haitwi bepari, wala mlanguzi, wala mhujumu. Anaitwa mjasiriamali, na semina huandaliwa kwa ajili yake. Jina ni zuri kuliko yale yaliyotangulia. Lakini maneno yote hayo yalitolewa na watu waliokaa upande wa pili wa kaunta, na kila moja liliongozana na sheria yake. Mtaani, ambako chumvi bado hutafutwa usiku, jina lililodumu ni lile la mwanzo, mwenye duka, na swali linaloulizwa mbele yake halijabadilika tangu enzi za rupia: utaniandikia?